Mchoro Uliochorwa Nikiwa Hospitali

Jumamosi, 17 Mei 2025

Naandika. Nisipoandika nitamgombeza mtu, na aliye karibu ni mume wangu Godbless, anaangalia mpira, hana kosa. Bado.

Nimepata ajali. Mimi Severa! Miaka kumi na tisa kwenye usukani, kumi na moja kati ya hiyo nabeba watoto wa shule, sijawahi kukwaruza hata bampa ya mtu.

Leo basi la shule limepumzika. Nilikuwa na kigari chetu, natoka dukani kwa Godbless, mtaa wa Gerezani, kule anakouza spea. Taa za Msimbazi zikawa kijani, nikaingia. Bodaboda ikachomoka kwenye njia ya mabasi ya mwendokasi — njia ambayo mimi na basi langu hatuthubutu kuikanyaga! — ikakata mbele yangu kutoka kulia kwenda kushoto. Breki. Kishindo. Nguo za mtumba za watoto zimetapakaa barabara nzima.

Dereva wa boda aliinuka mwenyewe, kiwiko kimechubuka. Abiria wake hakuinuka. Mama wa miaka sitini hivi, furushi lake limepasuka, paja limepinda mahali ambapo hapana goti. Akashika pindo la gauni langu. Mwanangu, usiniache hapa.

Nina karatasi kwenye gari, tulipewa kwenye semina ya madereva. Naijua kwa moyo, nimewahi kuwafundisha wenzangu. Simama. Usiondoe gari. Piga picha. Piga simu polisi. Msaidie majeruhi. Usiondoe gari NA umsaidie majeruhi! Nimsaidie kwa mabawa? Nilimuuliza mtu mmoja namba ya ambulensi, akanitazama kama nimeuliza njia ya kwenda mbinguni.

Nikambeba. Makuli wawili walinisaidia kumlaza kiti cha nyuma. Picha sikupiga. Simu ilikuwa kwenye pochi, pochi chini ya kiti, na yule mama analia.

Hospitali walimpokea, wakasema niwaletee PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Nikaenda kituoni, damu kwenye gauni. Pale kaunta amekaa trafiki mmoja, Afande Benjamini, ndio kwanza amerudi eneo la ajali. Nikajieleza. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

Akasema, kumbe ni wewe uliyekimbia.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani sikwenda. Ningekaa pale naombea watu mabaya.

Nimeitwa kuandika maelezo. Gari limezuiliwa, liko uani kwao, juani, linanyewa na kunguru. Afande Benjamini akanionyesha mchoro wa ajali. Ameuchora jana, mimi nikiwa hospitali nimeshika dripu ya mama wa watu! Kwenye mchoro huo bodaboda iko njia yetu, imenyooka safi. Gari langu ndilo limepinda na kuvuka mstari. Nikamuuliza gari umelionea wapi, afande, wakati halikuwepo? Akajibu bila hata kuona haya: mama, nachora nilichoonyeshwa. Vijana wa kijiwe cha boda walikuwepo wote. Wewe hukuwepo.

Mwenye boda ni huyo huyo aliyechubuka kiwiko, anaitwa Fikirini. Alibaki pale na wenzake kumi na tano, wakamsubiri trafiki, wakamwonyesha kwa vidole. Nilichora na mimi mchoro wangu kwa kalamu hii. Afande akaukunja, akauweka chini ya kikombe chake cha chai. Chini ya kikombe!

Jumatatu, 19 Mei

Mwalimu Winifrida, mwenye shule, amenikaribisha chai ofisini kwake. Nikajua mambo yameharibika. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikinywa chai yangu kwa mlinzi.

Alinipa pole, akaulizia mguu wa yule mama, halafu akasema wazazi wanaandikiana kwenye grupu la WhatsApp. Mmoja ameandika dereva wetu ameua mtu Kariakoo. Ameua! Nikamwambia mwalimu, niambie ni nani, nimpeleke wodini akamsalimie marehemu. Hakucheka. Akasema nikae pembeni kwanza mpaka polisi waseme sina kosa.

Na wakisema ninalo?

Akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Dereva mwenye kosa la uzembe siwezi kumkabidhi watoto wa watu, Severa. Hata ungekuwa wewe ungefanya hivyo.

Ni kweli, ningefanya hivyo. Ndiyo maana imeniuma. Kinachogombaniwa hapa si bampa wala faini. Ni kile kiti changu, na watoto thelathini na wawili wanaoniamkia kila asubuhi, wengine usingizi haujawatoka.

Basi leo limeendeshwa na mtu mwingine. Limepita hapa mtaani saa kumi na mbili kasoro, linapiga honi kila geti. Mimi huwa sipigi honi. Nashuka, nagonga.

Jumatano, 21 Mei

Godbless amezunguka maduka yote ya pale kwenye taa kutafuta kamera. Duka moja lina kamera, ni pambo tu, haina waya. Muuza kahawa aliona kila kitu, lakini anasema akienda mahakamani nani atamwangalizia birika lake. Asante sana, mzee wangu. Endelea na birika.

Nimepika mtori, nikaupeleka wodini. Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Jina lake Bi Maimuna, anauza nguo za watoto sokoni Mchikichini. Mguu wameuvuta kwa uzito unaoning'inia miguuni pa kitanda, anasubiri operesheni ya kuwekewa chuma. Jambo la kwanza aliloniuliza: nyama ya humu kachinja nani? Nikamwambia nimenunua bucha ya Waislamu, Kariakoo, hata jina la mchinjaji ninalo. Akacheka, akala bakuli zima. Akasema kidude chenu hiki cha ndizi kitamu, tatizo hakina nazi.

Nikatoka nimefurahi kidogo. Mwanaye, Badria, akanifuata kwenye korido. Ameshika lile bakuli nililoleta. Akasema, asiye na kosa angeleta mtori wa nini? Mbona muuza kahawa wa pale kwenye taa hajaleta?

Jibu nimelipata nikiwa nimefika nyumbani, na lilikuwa na matusi.

Ijumaa, 23 Mei

Nimekwenda tena, saa ambayo najua Badria yuko swala na shughuli zake. Nikamweleza Bi Maimuna habari za kazi yangu, nikamuuliza moja kwa moja. Mama, uliona. Ulikuwa nyuma yake. Taa ilikuwaje, njia ilikuwa ipi?

Akafumba macho. Halafu akasema Fikirini ni mtoto wa marehemu dada yake. Amemlea tangu ana miaka minne. Alimfulia, alimtahirisha, alimwoza. Ana mtoto mchanga sasa. Nikisema ninachokijua, wanamfunga. Nisiposema, wewe unafukuzwa kazi. Unataka nichague nini, mwanangu?

Nikasema nataka useme kweli.

Akasema, askari akija nitamwambia nilikuwa nimefumba macho. Sikuona kitu. Hapo sitakuwa nimekusingizia wewe wala kumtaja yeye.

Unisingizie au uninyamazie, kwangu mimi mchoro ni ule ule! Nimemwambia hivyo, kwa sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Nimempayukia mama mwenye uzito mguuni. Najua. Lakini kama ningekuwa nimefumba macho mimi siku ile na kupita zangu, sasa hivi ningekuwa kwenye kiti changu.

Jumapili, 25 Mei

Wamekuja nyumbani. Mzee Bakili, baba mdogo wa Badria, kanzu nyeupe, amenyooka. Badria. Na huyo Fikirini, kapigwa pasi, kaketi ukingoni mwa kochi langu kama posa inaletwa. Wameleta tende.

Shikamoo nilimpa mzee, akaitika marahaba vizuri, akaulizia watoto, akasifu nyumba. Dakika ishirini hatujataja ajali. Nilikuwa nachemka kama birika la yule muuza kahawa. Hatimaye akasema: mama, haya ni mambo ya kuyamaliza sisi wenyewe. Gari lako lina bima. Pikipiki ya kijana bima yake imekwisha tangu mwaka jana. Wewe kiri tu kosa, bima ilipe, Bi Maimuna atibiwe, kijana alee mtoto wake. Hakuna anayeumia.

Hakuna anayeumia!

Nikamwambia, mzee wangu, kwa heshima zote, mimi hapa nilipokaa ni nani? Ni ukuta? Na bima yenyewe nimeshaulizia, hailipi kesho. Mpaka hukumu, mpaka ripoti, mpaka makaratasi, mguu utakuwa umeshaunga kama kona ya barabara. Badria akadakia, basi angalau italipa siku moja. Boda haitalipa kamwe.

Nikamgeukia Fikirini. Wewe sema. Taa yako ilikuwa rangi gani?

Akatazama tende. Akasema, ilikuwa haieleweki, mama.

Nilisimama. Godbless akanishika mkono, akawasindikiza kwa adabu zote mpaka getini. Aliporudi nikamwona usoni, na nikajua. Akasema, Mama Vicky, kiri yaishe. Faini natoa mimi. Kazi utapata nyingine, hata dukani kwangu unahitajika.

Leo analala sebuleni na tende zake.

Jumatatu, 26 Mei

Kituoni. Afande Benjamini amenirahisishia: ukikiri, unalipa faini, unachukua gari lako, unaenda. Ukikataa, mahakamani, na huko ni tarehe juu ya tarehe.

Nimeandika NAKATAA. Kwa herufi kubwa. Kalamu ikatoboa karatasi.

Akapumua, akaandika tarehe kumi na moja Juni. Halafu akaniambia jambo ambalo, lazima nikubali, ni la haki. Tangu leo usimsogelee yule mama. Ni shahidi. Nimesikia unapeleka vyakula. Ukionekana pale na akasema kitu cha kukusaidia, mimi mwenyewe nitasimama niseme umemnunua.

Jumanne, 27 Mei

Sijaenda popote. Basi limepita na honi zake. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Alhamisi, 29 Mei

Saa nne asubuhi, simu, namba ngeni. Bi Maimuna! Ameazima simu ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Askari wa maelezo alifika jana mchana. Amemwambia yote. Njia ya mwendokasi. Taa nyekundu. Yeye mwenyewe alivyompiga Fikirini mgongoni na kumwambia rudi njia yako, tutakufa. Mwisho akabonyeza dole gumba kwenye karatasi ya maelezo.

Nilipiga kelele jikoni. Nilirukaruka, mtu mzima na kilo zangu. Nikamwita Mungu kwa majina yote.

Akasema, usishangilie, sikusema kwa ajili yako. Fikirini alikuja kumwona Jumanne. Kaazima pikipiki ya mwenzake, yuko barabarani tena. Akamsimulia, anacheka, kwamba foleni ya Kariakoo ilikuwa imefunga kabisa lakini yeye kafika kwa dakika sita. Akamuuliza, umepita wapi? Kapita njia ile ile! Nimening'inizwa mguu hapa, mwanangu, yeye ananichekea. Nikajiona nikinyamaza ataua mtoto wa mtu, na nitakuwa nimemshikia usukani.

Akaendelea. Badria alifika jioni, akajua. Amechukua beseni, shuka na chupa ya chai, akaondoka. Amesema ashughulikiwe na mwenye gari. Tangu jana jioni hakuna aliyekuja. Chakula cha wodini hakipandi. Akibanwa na haja anawaomba msaada wapita njia.

Hakuniambia njoo.

Nikasema pole, mama. Nikasema afande amenikataza. Nikasema maneno mengi ya maana kuhusu kesi.

Sikwenda. Naliandika hapa nilione kwa macho yangu. Mimi niliyeapa kwamba mtu hasaidiwi kwa karatasi za semina. Sikwenda.

Ijumaa, 30 Mei

Nimepika mtori, nimeuweka mezani, nimekaa nauangalia. Godbless akaja, akaufunga kwenye hotpoti, akachukua na beseni jipya, shuka mbili, akaondoka navyo bila kuniuliza. Huyu huyu wa kiri yaishe! Wodini wamemuuliza yeye ni nani wa mgonjwa. Akasema jirani. Wanakaa Buguruni, sisi Ilala, jirani wapi?

Amerudi na habari. Wenzake Bi Maimuna wa Mchikichini wamechanga, chuma kimepatikana. Operesheni kesho asubuhi. Nikamwambia Godbless arudi kulala chumbani. Akasema alishazoea kochi. Tukacheka kidogo, mara ya kwanza wiki mbili hizi.

Jumamosi, 31 Mei

Wodini. Saa mbili na nusu asubuhi. Naandika kwenye benchi la korido, daftari juu ya goti.

Nesi ndiye aliyenipigia. Namba yangu ndiyo iliyo kwenye faili, kwa kuwa ndimi niliyemleta. Chumba cha upasuaji saa tatu. Mgonjwa ameshaweka dole lake, lakini wanataka na ndugu asaini, mtu wa kuitwa likitokea la kutokea. Badria hapokei. Mzee Bakili alipokea, akasikia neno hospitali, akakata. Fikirini simu imezimwa. Wanawake wa Mchikichini wako sokoni, Jumamosi ndiyo siku yao, walioahidi kuja watafika mchana.

Nikamwambia nesi mimi si ndugu, nina kesi naye. Akanijibu hajui kesi zetu. Akikosa leo, nafasi nyingine ni baada ya wiki mbili, na mfupa unaanza kuunga vibaya. Dada, unasaini au husaini?

Fomu nimeisoma mara nne. Jina. Namba ya simu. Uhusiano na mgonjwa. Saini. Inaingia kwenye faili, faili litaitwa mahakamani tarehe kumi na moja, na Afande Benjamini ataisoma kwa sauti yake ile ya pole pole. Mshitakiwa amejiandikisha kuwa ndugu wa shahidi! Neno la Bi Maimuna halitakuwa na thamani ya ganda la ndizi. Mchoro wa afande utabaki ndio ukweli. Kiti kimekwenda.

Nina hasira! Na Badria, aliyebeba beseni la mama yake. Na afande, kwa kuwa safari hii anasema la haki. Na semina, na kamera ya pambo, na hiyo karatasi inayotaka kujua mimi ni nani wa huyu mama. Sijui mimi ni nani wake. Niandike nini, niliyemgonga?

Nimeingia kumwona. Wamemvalisha gauni la kijani, ushungi wamemvua, wamemvika kofia ya plastiki, amekasirika kwa hilo kuliko mguu. Nikamweleza fomu. Akaelewa upesi kuliko mimi. Akasema usisaini, mwanangu, kama itakuharibia. Nitasubiri. Nimezoea sasa.

Angelia ningeondoka. Naapa ningeondoka. Lakini amesema hivyo akinyoosha shuka, bila hata kunitazama.

Vijana wa machela wamefika, wameegemea mlango. Mmoja anaangalia saa ya ukutani. Nesi amerudi na fomu. Kalamu yake imekwisha wino, anaikung'uta, haitoi. Anaomba hii yangu. Naacha kuandika hapa, nisaini.